Mshauri Asiyekohoa

Mlio ninaoukumbuka vizuri kuliko yote ni wa mwiko ukigonga ukingo wa sufuria. Ko, ko, ko. Mara tatu, bila haraka, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wapo. Kabla yake ulitangulia mlio mwingine, kikohozi cha baba, kizito na cha makusudi, kikitokea upande wa migomba. Ehe, ehe-he. Kimya kidogo. Halafu ko, ko, ko.

Mgeni angedhani baba ana kifua na wifi yangu anachezea vyombo. Sivyo. Kwetu Bujonde, huku Kyela, mke wa mtoto hakutani na baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye, hamtazami, na baba naye hamtazami. Tunasema anamtila, yaani anamwogopa kwa heshima. Basi baba akitaka kupita uani anakohoa kwanza. Wifi akisikia anaingia jikoni, halafu anagonga sufuria kumwambia pita, baba, mimi sipo. Yupo, lakini hayupo. Siku hizi wengine wamelegeza, unawakuta mjini mkwe na mkwe wamebanana kwenye bajaji moja, magoti yanagusana, na hakuna aliyezimia. Baba yangu hajalegeza. Baba hata picha ya harusi ya kaka ameitundika huku upande wa bibi harusi ameufunika na kalenda.

Mambo yaliyozidi kikohozi na sufuria yalipitia kwa mama. Baba anakaa barazani anasema, "Mwambie mwenzako wali wa leo umeiva vizuri." Jiko letu ni la mianzi, matundu kila mahali, wifi ameshasikia tangu neno la kwanza. Mama anainuka hata hivyo, anakwenda mlangoni, anasema, "Baba anasema wali wa leo umeiva vizuri, tena anashukuru sana." Hilo la kushukuru sana hakuna aliyelisema. Mama aliliongeza njiani.

Wifi akajifungua mtoto wa kiume, mnene, mwenye kucheka ovyo. Kaka yuko kwenye machimbo Chunya, alikuja akambeba siku tatu akarudi. Halafu dada yangu mkubwa aliyeolewa Mbeya naye akajifungua, mapacha, na mama akaitwa haraka. Alipokuwa anapanda bajaji na mkungu wake wa ndizi alinishika mkono. "Maneno ya nyumba hii sasa ni yako," akasema. "Uyabebe wewe."

Nikasema sawa mama. Niliitikia kama mtu anavyoitikia bajaji ambayo imeshaanza kuondoka.

Sasa niseme na kazi yangu, maana ndiyo iliyoleta balaa. Nauza kwenye duka la steshonari pale Mbugani. Natoa kopi, nachapa barua za kuomba kazi, kadi za michango ya harusi, na ratiba za mazishi. Shule yangu iliishia kidato cha nne. Matokeo yake mama aliyakunja akayaweka katikati ya Biblia, nadhani alitaka yasome humo yatubu. Lakini ndoto ninazo, tena nyingi kuliko mtu aliyefaulu. Kubwa kuliko zote ni kuwa yule dada wa redio ambaye watu wanampigia wakilia, anawaambia maneno mawili, wanakata simu wakiwa wazima. Nikiendesha baiskeli kutoka nyumbani kwenda Mbugani nilikuwa nafanya mazoezi njiani. "Pole mpendwa msikilizaji. Hebu vuta pumzi." Ng'ombe wa Bujonde wote wameshavuta pumzi kwa sababu yangu.

Bosi wangu ndiye aliyetuwekea akili mnemba kwenye simu ili itusaidie kutunga barua. Unaiandikia shida yako, inakujibu kwa Kiswahili kilichonyooka kama cha mhubiri mgeni. Siku ya kwanza niliitungisha barua ya kuomba kazi ya ulinzi. Siku ya pili niliiuliza kuhusu kijana mmoja wa bodaboda aliyekuwa akipita mbele ya duka anapunguza mwendo. Ikanijibu kwamba mimi ni mtu mwenye moyo mwema na ninastahili kupendwa. Nilikaa chini. Mara ya mwisho kuambiwa hivyo ilikuwa shule ya Jumapili, na ilikuwa kwa sababu nimeleta sadaka ya yai. (Yule kijana, nilikuja kujua, alikuwa anapunguza mwendo kwa sababu mbele ya duka letu kuna shimo.)

Tangu hapo nikawa mshauri wa Mbugani. Mteja akija kutoa kopi ya kitambulisho, namwangalia usoni, nauliza, "Lakini wewe moyoni uko salama?" Wengine walichukua kopi zao wakaondoka haraka. Mmoja, mama wa kwaya, alikaa. Akasema hana raha, nyumba ina watu kumi na moja, hapati hata dakika ya kuwa peke yake. Nikaiandikia simu. Ikasema ajitengee muda wake, aoge maji ya moto taratibu, awashe mishumaa, azime taa.

Kyela. Maji ya moto. Saa nane mchana, na joto letu hili.

Yule mama akafanya kama alivyoelekezwa. Bafu lake ni la matete na turubai, wala halijawahi kuwa na taa ya kuzima. Liliungua kwa muda wa kumaliza sala ya Baba Yetu. Alikuja dukani kesho yake akiwa na unyusi mmoja, nikajificha nyuma ya mashine ya kopi. "Toka huko," akasema. "Sikuja kugomba. Nimekuja kukwambia, kabla halijashika moto, palikuwa pazuri sana."

Ningejifunza hapo. Sikujifunza.

Nyumbani, wifi alikuwa anazimika polepole, na mimi sikuona mapema kwa sababu sikuwa naangalia, nilikuwa nasikiliza. Ko, ko, ko ikawa ko, ko. Baada ya wiki ikawa ko. Halafu siku moja baba akakohoa pale kwenye migomba na hakuna kilichojibu. Akakohoa tena. Akasubiri kama mtu aliyezuiliwa mpakani hana karatasi. Alikohoa mpaka jirani akaleta tangawizi. Ikabidi nitoke mimi kumwambia apite. Nikamkuta wifi jikoni amekaa kwenye kigoda, mtoto mapajani anachekea moshi, na mwiko umo mkononi mwake. Aliutazama kama kitu alichoazimwa na hakumbuki na nani.

"Wifi, hukumsikia baba?"

"Nimemsikia."

"Sasa?"

"Mkono umekuwa mzito."

Halali vizuri, hali vizuri, anasahau kusuka nywele, na yeye ndiye aliyekuwa ananisuka mimi. Watu wa kanisani walipita kumwona mtoto wakasema ni uchovu, atazoea. Na kweli wifi aliwatengea viti, akatabasamu, akawaambia hajambo. Walipoondoka alirudi kwenye kigoda chake. Nilimuuliza kwa nini hakuwaambia. Akasema, "Nikimwambia mmoja, mpaka kule Ipyana watakuwa wameshajua kabla sijamaliza sentensi."

Hapo nikaona kazi yangu ya redio imenifuata mpaka nyumbani. Nilikuwa na simu yangu ya zamani, kioo kimepasuka lakini inaandika. Nikamwekea ile akili mnemba, nikamfundisha.

"Inaongea na watu?" akauliza.

"Inaongea na wewe tu."

"Haitanicheka?"

"Haina mdomo, wifi."

Akaiandikia wakati anapindua kokoa kwenye kichanja, mkono mmoja reki, mkono mmoja simu, mtoto mgongoni. Na lazima niseme ukweli, ilimsaidia. Siinyimi haki yake. Siku za kwanza alirudi jikoni ana neno la kusema. "Inasema hisia zangu ni halali," akaniambia. "Sijui zilichinjwa na nani." Huo ndio ulikuwa utani wake wa kwanza kwa mwezi mzima, niliubeba siku nzima kama peremende. Akasema tena, "Haichoki, wifi. Jambo moja nimelirudia mara tisa, mara ya tisa bado inasema pole." Mtu gani Kyela nzima angekwambia pole mara tisa na hajauliza utapika nini.

Halafu akaniuliza, "Na wewe huyasomi ninayoandika?"

"Siyasomi. Naapa."

Nilipoapa nilikuwa sijakumbuka kwamba simu zote mbili nimezifungua kwa jina moja. Anachoandika yeye kwenye kichanja Bujonde kinajitokeza kwangu Mbugani, kati ya barua ya ulinzi na kadi ya harusi. Nilipokuja kugundua nilifumba macho. Nilidumu siku nne.

Siku ya tano, wakati wa chakula cha mchana, mbele yangu kuna wali na samaki mbasa, nikasoma.

Wifi alikuwa ameandika kwamba baba mkwe wake anamchukia. Hajawahi kumtazama hata mara moja. Hajawahi kuongea naye. Hajamshika mjukuu wake. Na siku hizi anakohoa kwa hasira, tena mara nyingi mno, kama mtu anayefukuza mbuzi shambani.

Kila neno hapo lilikuwa kweli, isipokuwa la kuchukia na la hasira. Wifi ni Mnyakyusa kama sisi, kamtila baba tangu siku ya kwanza, anajua kabisa kwa nini hatazamwi. Lakini ugonjwa wake ulikuwa umechukua mambo anayoyajua ukayageuza ya ndani nje. Na simu hakuwa ameiambia habari ya mila, kwa sababu nani anakumbuka kusema hilo. Ni kama kumwandikia mtu barua umwambie kuwa Kyela mvua inanyesha.

Simu ikajibu kwa huzuni kubwa. Ikasema kutotazamwa na mtu wa familia yako kunaumiza sana. Ikamshauri atafute mahali tulivu, aketi na baba mkwe wake uso kwa uso, amtazame machoni, na atumie sentensi zinazoanza na "Ninajisikia."

Nikaifunga simu hapo hapo. Nilikuwa nimefurahi kiasi kwamba mbasa yangu ilipoa.

Mtaniuliza, wewe uliyezaliwa humo, hukujua? Nilijua tangu sina meno. Lakini mtu mwenye matokeo yangu ya kidato cha nne, akiona kitu kinachotunga barua nzima bila kufuta hata mara moja, anadhani kinamjua hata baba yake kuliko yeye. Tena niseme wazi, nilishajiona. Baba analia, wifi analia, mimi katikati nimewashika mikono, na sauti ya muziki mtamu nyuma.

Jumamosi nikapanga mambo yangu. Wifi nilimwambia aje kwenye kichanja cha kokoa nyuma ya nyumba, nina jambo la kumwonyesha. Nikamkalisha kwenye kigoda. Baba nilimwambia wifi amekwenda kliniki, na kwamba kuna mnunuzi wa kokoa anamsubiri kichanjani, mtu mkubwa, hapendi kucheleweshwa. Ndiyo maana baba alikuja bila kukohoa. Mkwe hayupo, akohoe kwa ajili ya nani. Alikuja amevaa shati la kanisani na katambuga zake za tairi, uso ameuandaa kwa biashara.

Wakaonana. Hatua tatu, mchana, jua limesimama.

"Baba, keti," nikasema kwa sauti ya redio. "Wifi, anza. Ninajisikia."

Wifi hakusema anajisikiaje. Alitoa sauti kama ya kuku aliyekanyagwa, akateleza kutoka kwenye kigoda, akaingia chini ya kichanja na mtoto wake mzimamzima. Baba kwa upande wake alinyakua ungo uliokuwa pembeni akaubandika usoni, akageuka, akaanza kukimbia. Mzee wa kanisa, mwenye goti bovu, anakimbia na ungo usoni kama ngao. Aliigonga nguzo ya kichanja, kokoa ikamwagika chini kwa kishindo, akapita mgomba wa kwanza, wa pili akaukosa kidogo, halafu akafika kwenye mfereji wa maji ya mpunga. Mfereji ule yeye mwenyewe ndiye aliyeuchimba. Ungo ukaelea. Baba akazama mpaka kiunoni.

Kitu pekee kilichosikika ni mtoto, chini ya kichanja, akicheka mpaka anakwama pumzi.

Halafu wifi naye akacheka. Nilimsikia kwa masikio yangu, kicheko chake cha zamani kabisa, kile cha kuvuta pumzi kwa ndani. Nikasema moyoni, tazama, imefanya kazi. Nikapiga magoti nichungulie, nikakuta kicheko kimegeuka. Alikuwa analia bila kujifuta, na mtoto anamchezea machozi.

Nikatambaa nikaingia chini. Kokoa ilikuwa inaanguka kwenye mianya inatugonga vichwani moja moja.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma."

"Ulisema husomi."

"Nilisema. Nisamehe, wifi."

Akasema, "Hukusoma mpaka chini."

Na kweli. Nilisoma mpaka pale paliponipa kazi ya kufanya, nikafurahi, nikafunga. Nikaitoa simu mfukoni, nikashuka na kidole. Chini ya yale ya baba, siku hiyo hiyo, wifi alikuwa ameandika kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kama yeye asingekuwepo.

Sijui kuandika nilivyojisikia, kwa hiyo siandiki. Nilimshika mguu, maana ndio uliokuwa karibu. Jibu la simu lilikuwa chini yake. Yalikuwa maneno mazuri, nayasema tena, mazuri kuliko ambayo ningeweza mimi. Ilimwambia asibaki peke yake na jambo hilo, amwambie mtu wa karibu leo hii, na apige namba fulani ya msaada. Nikaipiga namba hapo hapo. Dada wa mtandao akaniambia kwa upole kwamba namba ninayopiga haipo. Nadhani ilikuwa ya nchi nyingine, huko ambako watu wanaoga na mishumaa.

"Nami niliipiga," wifi akasema. "Nikasema basi."

Amwambie mtu wa karibu. Mtu wa karibu alikuwa Mbugani anakula mbasa.

Kutoka kwenye mfereji tukasikia kikohozi. Kidogo, chenye maji ndani.

"Wewe binti."

"Naam, baba."

Alikuwa amepanda ukingoni, amekaa ametupa mgongo, suruali imejaa tope, ungo ameuweka kichwani sasa kama kofia. "Mwenzako ameumia?"

"Hajaumia mwili, baba. Analia. Anadhani unamchukia. Anadhani unamkoholea kwa hasira."

Baba akakaa na hilo. Alilikalia muda mrefu mpaka chura akaanza tena kazi yake. Halafu akasema, ameutazama mpunga, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, "Mwambie mwenzako. Tangu mtoto azaliwe nakohoa sana kwa sababu napita sana. Sina shida yoyote huko uani. Napita nisikie mtoto anavyocheka."

Nikageuka. Wifi yupo hapa, kiwiko chake kimo tumboni mwangu. "Baba anasema anakohoa sana kwa sababu anapita sana, anapenda kusikia mtoto anavyocheka."

"Nimesikia," wifi akanong'ona.

"Lazima nikuambie."

"Mwambie," baba akaendelea, "ile siku sufuria haikujibu, nilisimama pale nikiogopa. Mwambie mimi si mtu wa kuogopa sufuria."

"Baba anasema sufuria iliponyamaza aliogopa. Tena sana." Hilo la sana nililiongeza. Nadhani ndipo nilipomwelewa mama na mkono wake pale kwenye bajaji.

Wifi akajifuta pua kwa kitambaa cha mtoto. "Mwambie baba," akasema polepole, "mkono umekuwa mzito. Na kichwa. Na kila kitu. Mwambie naogopa kubaki na mtoto peke yangu."

Nikalibeba hilo pia, hatua sita, nikalitua nyuma ya mgongo wa baba bila kuongeza wala kupunguza. Mabega yake yakashuka. Akasimama. "Leo hii kituo cha afya," akasema. "Ita bajaji."

Msafara wetu Bujonde wanausimulia mpaka leo. Mbele bajaji, ndani mimi, wifi, na mtoto anayewapungia watu. Nyuma baba kwenye baiskeli, tope mpaka kiunoni, mguu mmoja katambuga na mwingine mtupu, maana ya kushoto ilibaki kwenye mfereji. Kila tukipunguza mwendo kwenye kona alikohoa, tusije tukageuka tukamwona.

Zamu ilikuwa ya muuguzi mmoja wa kutoka Lindi, dada wa ushungi, alikuwa na miezi sita tu kwetu na bado analaumu mvua. Alimkalisha wifi akaniambia mimi nitoke. Nikasema mimi ndiye mshauri wake. Akanitazama kuanzia kwenye kokoa iliyo nywelani mpaka miguuni. "Mshauri akae nje na mzee," akasema.

Nilimpa simu aione kwanza, yote mpaka chini, wifi alikubali. Nikakaa nje na baba. Yeye alielekea barabarani, mimi nilielekea mlango.

Walikaa muda mrefu. Muuguzi alipotoka alisema huu ni ugonjwa, unawapata mama wengi wakishajifungua, una jina lake na una tiba yake, wala si uvivu na si laana. Asiachwe peke yake hata kidogo kwa sasa, mama arudi, kaka aitwe, na Jumanne waje kuna daktari wa mambo hayo. Baba akamwambia, huku anatazama baiskeli yake, "Mwambie binti huyu amwambie mwenzake kwamba tutafanya."

"Si yupo hapo mlangoni, mzee? Anakusikia."

"Ndiyo. Lakini aambiwe."

Ikabidi nimweleze. Muuguzi alisikiliza mdomo wazi. "Kumbe ninyi mna masharti kuliko wodi ya upasuaji," akasema. Halafu akanirudishia simu. "Kuongea nayo si kosa. Wapo wanaoanza huko, wanapata maneno, ndipo wanafika kwangu. Shida ni wanaoanza huko na wanaishia huko. Hao mimi siwaoni."

Mama alirudi kesho yake na kumuacha dada na mama mkwe wake. Kaka alifika siku ya nne, amekonda, ana vumbi la Chunya masikioni. Wifi akaanza dawa, na kila Jumanne anakwenda kuongea na daktari na akina mama wengine sita, ambao anasema mmoja wao anachekesha kuliko mimi. Sijapenda.

Simu bado anaitumia siku moja moja. Ana jina lake mwenyewe sasa, na neno la siri ambalo silijui, naomba nisilijue. Siku moja aliniita tukae wote, akaiandikia habari ya kumtila mkwe, kikohozi, sufuria, na ungo. Ikasema asante sana kwa kunieleza, hiyo ni mila yenye heshima kubwa. Ikaomba radhi kwa ushauri wa uso kwa uso. Halafu ikauliza kama angependa imtungie baba mkwe wake barua nzuri.

Wifi akaishukuru kwa lugha yetu, akaandika, "Hapana, ndaga fijo. Tunaye mtu."

Nilijifanya naangalia kokoa.

Alhamisi moja baada ya hapo, nikiwa napaka baiskeli mafuta, nikasikia baba anakohoa kwenye migomba. Mama alikuwa ameshaanza kuinuka kwenda kumjibu. Kutoka jikoni ikatoka ko. Moja, nyepesi, kama mtu anayejaribu kama mlango bado unafunguka. Baba hakupita. Akakohoa tena, nadhani hakuamini. Ko. Akakohoa mara ya tatu bila sababu yoyote, na mama akamwambia, "Wewe mzee, pita sasa, utamchosha mtoto wa watu."

Akapita ameshika kofia, amevaa katambuga moja ya kulia na kiatu cha kanisani cha kushoto. Alivaa hivyo tangu ile Jumamosi. Kwenye mfereji hakutaka kurudi, alisema maji bado mengi, lakini tulijua ni aibu.

Kesho yake asubuhi niliondoka mapema kidogo. Nikaegemeza baiskeli kwenye mgomba, nikakunja sketi, nikaingia mwenyewe. Tope lilikuwa la baridi na lilinishika mpaka magotini. Nilipapasa kwa vidole vya miguu, nikatoa jiwe, nikatoa kibuyu kilichovunjika, halafu nikaipata katambuga ya baba. Ndani yake alikuwa amehamia kaa mdogo, na tulibishana kidogo mpaka akakubali kuhama. Nikaisugua kwa majani, nikaisuuza mara mbili, nikaenda kuiweka pale kwenye migomba anaposimama kukohoa, kisigino nyuma, ncha ikitazama jikoni.